Kalemie: mwanga umehamia mfukoni mwa mnunuzi

Ukitaka kujua biashara ya Kalemie, mji wa Kongo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, inakwendaje wiki hii, uliza kwanza mwezi una siku ngapi. Mwezi ukiwa mpevu, ndakala, wale dagaa wa ziwa, hawakusanyiki chini ya taa. Mitumbwi inabaki ufukoni, nyavu zinashonwa, na soko lote linapungua kasi, kuanzia mama anayeanika samaki hadi kijana wa pikipiki anayebeba magunia na mwenye duka anayekopesha unga. Giza likirudi, fedha nazo zinarudi. Katika mji huu mwanga ni mtaji. Namna watu wanavyoupata ndiyo iliyogeuka, na imegeuka haraka.

Zamani wavuvi wa Tanganyika walibeba moto wa kuni au wa matete juu ya mtumbwi ili kuwavuta samaki. Miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Albertville, zikaenea taa za karabai. Wafanyabiashara Wagiriki wakaingiza ziwani nyavu za kuzungusha, na wavuvi wadogo wakajifunza kufunga mitumbwi pamoja na kuinua wavu katikati yake. Kwa zaidi ya nusu karne uvuvi huo ulikula petroli, yaani mafuta ya taa. Karabai kubwa, ile ya nguvu ya mishumaa 500, hunywa lita moja kwa saa nane hivi. Mwenye taa sita anachoma lita sita kwa usiku. Akivua usiku 20 wa giza, ni lita 120 kwa mwezi, katika mji ambao kila pipa la mafuta huletwa kwa meli, kwa reli au kwa lori juu ya barabara mbovu. Mafuta yakichelewa au yakipanda bei, mvuvi hula hasara hata kama ziwa limejaa samaki.

Kilichovunja hesabu hiyo kilianzia mbali sana na Kalemie. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kubuni taa ya LED ya bluu, ambayo bila hiyo mwanga mweupe wa LED usingepatikana. Wakati huohuo bei ya paneli za sola duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010. Matokeo yake yako wazi. Taa sita za LED za wati 10 kila moja, zikiwaka saa nane, zinahitaji wati-saa 480. Kiasi hicho paneli ya wati 150 inaweza kukikusanya kwa siku moja ya jua zuri, mradi betri inalingana nayo. Mafuta hayahitajiki tena kwa taa. Upepo hauzimi kitu, na mvuvi hapumui moshi usiku kucha.

Hapa ndipo wengi wanapoishia, wakisifu teknolojia. Mimi naona swali kubwa zaidi liko kwenye mgao. Kwa desturi ya ziwa hili, mauzo ya usiku huondolewa kwanza gharama, mafuta yakiwa juu ya orodha, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye vyombo na wavuvi wake. Petroli ilikuwa gharama ya kila usiku na kila mtu aliiona ikimiminwa. Betri na paneli ni mali ya tajiri, anainunua mara moja na inatumika kwa miaka. Je, gharama ya mafuta ikiondoka, nafuu ni ya nani? Mwenye mtumbwi ana haki ya kurudisha fedha yake, kwa sababu betri huchakaa na siku moja itakufa. Lakini akikata kila usiku kiasi kilekile alichokuwa akikata kwa petroli, baada ya muda atakuwa amejilipa betri mara kadhaa, na mvuvi aliyevuta kamba hataona tofauti. Makubaliano ya zamani yaliwekwa juu ya kitu kinachoisha asubuhi. Kifaa kinachodumu kinataka makubaliano mapya, yenye bei ya kununulia, idadi ya miezi ya kurudisha, na siku makato yanapokoma. Daftari la kurasa chache linatosha.

Ziwa nalo lina hesabu yake. Mwanga ukiwa rahisi, hakuna kinachomzuia mtu kuongeza taa. Alikuwa na sita, sasa ana kumi na mbili, na jirani naye anaongeza ili asiachwe. Ndakala huzaana upesi na maisha yao ni mafupi, hivyo hustahimili kuvuliwa sana kuliko samaki wakubwa, lakini hawavumilii kila kitu. Watafiti wameonyesha tangu 2003 kwamba ongezeko la joto linapunguza kuchanganyika kwa maji ya ziwa hili lenye kina cha mita 1,470. Virutubisho vya chini havipandi tena kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Ndiyo maana nchi nne zinazolizunguka, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana juu ya hatua za pamoja Desemba 2021, ikiwemo kusitisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa familia inayoishi kwa ndakala, miezi mitatu ni kipindi kirefu mno bila akiba. Hata hivyo naiunga mkono hatua hiyo, kwa sharti kwamba idadi ya taa kwa kila chombo nayo iwekewe mpaka. Kufunga ziwa msimu mmoja na kulimulika bila kipimo miezi tisa ni kazi nusu.

Nchi kavu, hadithi ya mwanga ilianza kwa kampuni na serikali. Kituo cha umeme wa maji cha Bendera kwenye mto Kiymbi, kaskazini mwa mji, kilijengwa miaka ya 1950 kikiwa na uwezo wa megawati 17 hivi. Mteja wake mmoja alikuwa Filtisaf, kiwanda cha nyuzi na vitambaa kilichoipa Kalemie ajira na jina. Kiwanda kilinyamaza, mji ukaendelea kukua, na mwaka 2015 ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Tanganyika. Katika nchi nzima, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye anayefikiwa na umeme. Sheria ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme, na Goma waliutumia: kampuni ya Nuru iliwasha huko mtambo wa sola wa megawati 1.3 mwaka 2020. Kalemie ina jua la kutosha kwa mradi kama huo.

Wananchi hawakusubiri. Kibanda cha kuchaji simu, chenye paneli moja juu ya bati, ndicho kilikuwa duka la kwanza la umeme mitaani. Kaya zikipata paneli zao, wateja wa kuchaji wanapungua, na mwenye kibanda anageukia kazi ya kinyozi, vinywaji baridi, au uwakala wa fedha za simu. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya kuanza Kenya, na kwa mnunuzi wa ndakala aliye Lubumbashi ina maana kubwa: fedha inafika kabla ya gunia kuondoka, bila mtu kusafiri na dola mfukoni. Matanga na harusi nazo zimebadilika, kwani pamoja na viti na turubai sasa watu hukodi taa na spika.

Jikoni, hata hivyo, mambo ni yaleyale. Bukari, yaani ugali, bado inapikwa kwa makaa, na misitu inayouzunguka mji ndiyo inayolipa. Paneli inayowasha taa na simu haina nguvu ya kuivisha maharagwe. Anayesema sola imemaliza tatizo la nishati Kalemie hajaingia jikoni.

Udhaifu mkubwa wa biashara hii ni ubora wa bidhaa. Vifaa vinavyopita njia ya Dar es Salaam na Kigoma, kwa reli kisha kwa kuvuka ziwa, vinafika vikiwa na maandishi ambayo mnunuzi hana namna ya kuyapima. Paneli inaweza kuandikwa wati 150 na kutoa nusu yake. Betri inaweza kuja ikiwa imekwisha kutumika. Kenya, kampuni kama M-Kopa iliwawezesha watu tangu 2012 kulipa kidogokidogo kwa simu, na kwa kuwa muuzaji hulipwa kwa miezi mingi, analazimika kuuza kitu kinachodumu. Kalemie, mteja anayelipa yote siku ya kwanza hubeba hatari yote peke yake. Likelemba za akina mama, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, zinaweza kusaidia hapa: wakinunua kwa pamoja, wanaweza kumwambia mwenye duka awape dhamana ya maandishi, jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulidai.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa mkoa mambo mawili yasiyohitaji kusubiri turbini mpya. Paneli na betri zipimwe bandarini kabla ya kuingia sokoni. Kifaa cha kupimia hakigharimu fedha nyingi. Na muuzaji wa betri za risasi alazimike kupokea zilizokufa, kwa sababu risasi ikimwagika ufukoni inaingia kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaokula. Wewe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji aiweke paneli juani na kuipima mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili.