Umri Pekee Hautoshi Tena

Mfikirie bibi wa miaka 73 anayeishi Mwabungo, kaunti ya Kwale, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami iendayo Lunga Lunga. Ana presha ya muda mrefu, na sasa sukari imeanza kumtia ganzi mguu wa kushoto. Nyumba yake ni ya udongo, imeezekwa mabati. Mabati hayo aliyanunua mwanawe wa kwanza enzi za kazi yake hotelini Diani, kabla hajafariki. Ndani mna taa ya sola aliyoletewa na mjukuu. Kijana wa usajili anafika na simu yake, anakaribishwa jamvini, anaanza kuuliza. Paa ni la nini? Sakafu je? Choo cha aina gani? Maji mnateka wapi? Mna mifugo? Bibi anajibu kila swali kwa ukweli. Mwisho simu inatoa tarakimu moja tu, nayo ni pesa anazotakiwa kulipa kwa mwaka ili bima imtibu.

Umri wake umo kwenye kitambulisho na kijana ameuona. Lakini katika utaratibu wa sasa miaka 73 haimpi msamaha wowote. Hapo ndipo nchi hii iliporudi nyuma, na ndipo ninapotaka kukaa.

Katika mwaka wa fedha wa 2017/2018 Serikali ilitangaza kwamba kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni atapewa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa posho wa Inua Jamii, na juu yake atalipiwa bima ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Sharti lilikuwa umri. Mipango ya awali ya kuwasaidia wazee ilianza kwa kuhesabu nani maskini zaidi ya mwenzake, na kila kijiji kilibaki na manung'uniko yake. Huu wa 2018 ulimwondolea chifu kazi hiyo. Kitambulisho kilisema, na yakaisha.

Sisemi ulikuwa mpango uliotimia. Wako ambao majina yao hayakuonekana kwenye orodha, na wako waliokaa miezi bila ya zile elfu mbili kufika. Alama za vidole nazo zilikuwa taabu: mwanamke aliyesuka makuti na kulima kwa jembe miaka hamsini, vidole vyake vimesuguliwa vikawa laini, na mashine haimtambui. Hata hivyo kanuni yenyewe ilikuwa sahihi, na kanuni sahihi ikitekelezwa vibaya unaweza kuidai. Mzee aliweza kusimama mbele ya ofisi na kusema: nina miaka sabini, nipeni haki yangu. Leo aseme nini? Kwamba paa lake lisihesabiwe?

Njia ya kufikia 2018 haikuwa fupi. NHIF ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara, na mkulima wa minazi wa Muhaka au mvuvi wa Gazi hakuwamo katika hesabu ya waanzilishi. Mwaka 1989 ada zikaletwa katika hospitali za umma kwa jina la kuchangia gharama, na waliougua bila senti mfukoni wakabaki nyumbani. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya kila mtu, ulioletwa na Waziri Charity Ngilu, ambamo Serikali ingewalipia wasiojiweza. Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Mwaka 2013 ada zikafutwa kwenye zahanati na vituo vya afya, kisha ukaja mpango wa kuwalipia bima maskini, na baada yake ahadi ya miaka 70. Hatua zilikuwa ndogo, lakini zote zilielekea upande mmoja.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikashika mahali pake, kwa sheria ya 2023 ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha Julai 2024, kabla Mahakama ya Rufaa haijasimamisha hukumu hiyo. Mzee wa kijijini alisikia redioni leo sheria imekufa, kesho imefufuka, keshokutwa ajisajili upya.

SHA ina mifuko mitatu, na mzee anahitaji kuelewa miwili ya kwanza. Mfuko wa huduma za msingi hulipia matibabu ya zahanati na kituo cha afya, na aliyejisajili hatoi kitu. Hili ni jema. Mfuko wa pili, SHIF, ndio unaolipia hospitali kubwa na kulazwa, na huu hautoi chochote mpaka mchango wa mwaka uwe umelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu.

Sasa tazama magonjwa ya wazee wetu. Presha inaweza kupimwa zahanati. Lakini figo zikianza kuchoka, mguu ukioza kwa sukari, tezi dume ikimzuia mzee kukojoa, nyonga ikivunjika kwa kuteleza kisimani, zahanati haina la kufanya ila kuandika barua ya rufaa. Mgonjwa anapelekwa Msambweni, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Ikishindikana anavushwa kivuko cha Likoni kwenda hospitali ya Makadara, Mombasa. Anayetoka Wasini au Mkwiro huanza na mashua mpaka Shimoni ndipo apate matatu. Kila hospitali katika safari hiyo ni ya SHIF. Matibabu ya bure yanaishia pale pale ugonjwa wa uzee unapoanza kuwa mzito.

Mchango wa chini kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa haki, huo ni mdogo kuliko shilingi 500 alizotakiwa kutoa mtu huyo huyo chini ya NHIF, na watetezi wa SHA wana haki ya kulisema hilo. Lakini 500 zile zililipwa mwezi kwa mwezi, na kwa mzee wa Inua Jamii mlipaji alikuwa Serikali. Hizi 300 zinatakiwa zote kwa mpigo: shilingi 3,600 mbele, kwa mwaka mzima. Pesa za Inua Jamii bado ni 2,000 kwa mwezi, kiwango kile kile kilichokuwapo mpango wa miaka 70 ulipoanza, ingawa bei ya unga na mafuta haikukaa pale. Kwa hiyo mchango wa chini kabisa unameza karibu miezi miwili ya posho yake. Simu ikisema 600 kwa mwezi kwa sababu ya mabati na taa ya sola, inakuwa 7,200, yaani zaidi ya miezi mitatu na nusu. Mwaka 2025 uliletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopa mchango na kuurejesha kidogo kidogo. Kwa mwenye kibanda cha chipsi Ukunda ni msaada wa kweli. Kwa bibi asiyelima tena, ni deni.

Na hayo mabati. Watu waliobuni upimaji huu walikuwa na tatizo halisi: asiye na hati ya mshahara utajuaje uwezo wake? Wakaamua kutazama nyumba na vyombo. Kwa kijana wa miaka thelathini nyumba huonyesha kipato chake cha sasa, walau kwa kiasi. Kwa mzee nyumba huonyesha kipato cha zamani, au cha mtoto aliyekwisha kuzikwa. Mabati ya Mwabungo yanaeleza habari za mwaka mwingine kabisa. Ukimpima mzee kwa nyumba yake, unampima kwa nguvu alizokuwa nazo alipokuwa na nguvu.

Wapo wanaosema basi kazi hiyo irudishwe kwa baraza, majirani waseme nani hana. Rwanda ilifanya hivyo: wanakijiji walikutana wakapanga kaya kwa madaraja, na Serikali ikawalipia bima wale wa daraja la chini kabisa. Majirani wanajua mabati ni ya nani. Lakini kwa Pwani yetu nina hofu. Hapa mzee mwenye macho mekundu na mvi nyingi anaweza kuitwa mchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe, na wazee wameuawa kwa tuhuma hizo Kwale na Kilifi. Kumwambia mzee kama huyo akaombewe bima na baraza la wanaomsema vibaya ni kumtupa. Umri ndio kipimo ambacho simu haiwezi kukikosea na jirani hawezi kukinyima.

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi sana, na kwangu ndilo zito zaidi. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani anayepata shilingi 20,000 hukatwa asilimia 2.75, yaani 550 kila mwezi. Kadi yake humtibu yeye, mkewe na watoto wao. Mama yake, anayelala chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo na kula chungu kimoja nao, hamo. SHA humhesabu mama kuwa kaya nyingine, ajisajili na kujilipia mwenyewe. Ni sheria iliyoandikwa kana kwamba familia ya Kwale ni mume, mke na watoto, na wazazi wanaishi nchi ya mbali. Mdigo wa Kinondo au Mduruma wa Kinango hajui kaya ya namna hiyo. Matokeo yake kijana mmoja hubeba michango miwili, na akiwa na baba mkwe pia, mitatu.

Vuka mpaka wa Lunga Lunga uingie Horohoro. Mfuko wa bima ya afya wa Tanzania, ambao jina lake la kifupi pia ni NHIF, umemruhusu mtumishi kuingiza wazazi wake miongoni mwa wategemezi wasiozidi wanne. Sera ya wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inaahidi matibabu ya bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Wazee wa Tanga watakwambia kumwona daktari ni bure ila dawa hazipo, na malalamiko hayo nayaamini. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: shilingi za Tanzania 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, bila kuulizwa paa. Hata Marekani, nchi isiyosifika kwa huruma katika mambo ya bima, iliweka Medicare mwaka 1965 kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na maskini miongoni mwao majimbo huwalipia mchango wao. Umaskini huko unaulizwa kwa ajili ya kumpunguzia mzee. Mlango wenyewe ameshaufungua kwa umri.

Huenda msomaji wa Nairobi akauliza, kwani wazee wa Kwale hawakuweka akiba? Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Vijana waliokikatia miwa leo ni wazee, na bima yao ilikoma kazi ilipokoma. Vurugu za Likoni na Kaya Bombo za Agosti 1997 zilifukuza watalii, hoteli zikapunguza watu, na waliorudi kazini wengi walirudi kwa vibarua vya msimu. Waliobahatika kuwa na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, waliwekewa, kwa miaka mingi, shilingi 200 zao na 200 za mwajiri kwa mwezi. Akiba hiyo mtu hupewa kwa mkupuo, akajenga chumba au akalipa karo. Desemba 2024 mgodi wa titani wa kampuni ya Base ukafunga kazi, na pamoja nao ikakoma mishahara ya vijana waliokuwa wakituma chochote nyumbani. Minazi imezeeka kama wenyewe.

Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kuwalipia SHA Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza, na bila shaka wazee wengi wamo. Nafurahi kwa kila atakayepata. Lakini tuangalie ukubwa wake. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Si wote maskini. Ila katika zile nafasi milioni 2.2 wamo pia yatima, walemavu na kaya fukara za umri wote, kwa nchi nzima. Mzee wa Msambweni anapanga foleni moja na mtoto yatima wa Turkana, na atakayeamua nani atangulie ni majibu ya paa na choo. Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 57 inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada wa kiasi kinachofaa kutoka kwa jamaa na kutoka kwa Dola, na inamtambua kuwa mzee akipita miaka 60. Inua Jamii humtambua akifika 70. SHA haimtambui kabisa.

Kusema fedha hazipo si jibu la kutosha kwa hili. Serikali iliyoweza kuwatafuta na kuwaorodhesha wazee wa miaka 70 ili wapate elfu mbili tayari inayo majina yao, namba za vitambulisho na simu wanazolipiwa. Kuwalipia 3,600 kwa mwaka kupitia orodha hiyo hiyo hakuhitaji kijana wa kuhesabu mabati.

Wakati tukingoja, mwenye mzazi kijijini abonyeze *147# au amsindikize kituo cha afya kilicho karibu, ahakikishe jina la mzazi limo na ajue kiwango alichopangiwa ni kipi. Akiona hakimfai, apinge mapema kabla ugonjwa haujafika. Na wabunge wa Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango wapeleke Bungeni marekebisho ya mstari mmoja: kwamba mzazi anayetunzwa na mchangiaji ni mtegemezi wake. Kila mmoja wao ana wapiga kura wanaoishi na mama zao.