Damu Chooni kwa Wazee: Si Bawasiri Siku Zote

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Embu na Meru, wako wazee waonao damu waendapo haja kubwa, wasimwambie mtu. Baba huona haya kumweleza mwanawe habari za sehemu hiyo ya mwili, na mama vivyo hivyo. Husema ni bawasiri tu, wakanunua dawa ya kupaka, na mwaka ukapita. Baadaye miguu huwa mizito, moyo huenda mbio wakipanda mlima kutoka shambani, na viganja hupauka. Hapo jamaa husema ni uzee. Lakini uzee peke yake haummalizi mtu damu.

Ni kweli kwamba bawasiri huwapata watu wengi. Ni mishipa iliyovimba penye tundu la haja kubwa, na damu yake huwa nyekundu, nayo hudondoka baada ya choo kigumu. Lakini ni mara chache bawasiri kumfikisha mtu kwenye upungufu wa damu. Kwa hiyo mzee akiwa na mambo hayo mawili pamoja, daktari hana budi kutafuta zaidi, hata kama bawasiri ameiona kwa macho yake, maana mtu mmoja aweza kuwa na bawasiri na ugonjwa mwingine juu yake.

Rangi ya choo husaidia. Choo cheusi kama lami, chenye kunata, ni dalili ya damu iliyotoka juu, mara nyingi katika kidonda cha tumbo. Vidonda hivyo huletwa na vijidudu, au na vidonge vya maumivu kama aspirini na diklofenaki, ambavyo wazee wenye magoti mabovu hununua dukani na kumeza kila siku bila kumwuliza mtu. Huko Mwea, katika mashamba ya mpunga yaliyoanzishwa miaka ya 1950, iko sababu nyingine: kichocho cha tumbo. Wadudu wake hukulia ndani ya konokono wa mifereji, kisha humwingia mtu kwa ngozi asimamapo majini. Safura nayo ni minyoo inyonyayo damu utumboni, wala damu hiyo haionekani chooni kwa macho.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni kansa ya utumbo mpana. Dakta Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji huko Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ilikuwa nadra kwa Waafrika, akadhani ni kwa sababu ya vyakula vyao visivyokobolewa. Leo si nadra tena katika hospitali za Kenya. Choo hubadili desturi yake, mara kigumu mara chepesi, mtu hukonda, na damu yaweza kuvuja kidogo kidogo hata upungufu wa damu ukawa ndiyo dalili ya kwanza. Ikigunduliwa mapema hukatwa, na wengi hupona.

Hospitalini hupimwa kwanza hemoglobini. Upungufu huhesabiwa chini ya gramu 13 katika desilita moja ya damu kwa mwanamume, na 12 kwa mwanamke. Lakini Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na wakaao mahali pa juu huwa na kiasi kikubwa kidogo. Basi mzee wa huko mwenye 13 kamili asihesabiwe upesi kuwa salama. Choo hupimwa pia, na daktari huchunguza kwa kidole kilichovaa glavu. Uchunguzi huo ndio wazee waukimbiao, nao hauchukui hata dakika mbili. Ikihitajika, mpira mwembamba wenye taa hupitishwa ndani ya utumbo. Mgonjwa na achukue vidonge vyote anavyomeza nyumbani, daktari avione.

Atokwaye na damu nyingi kwa ghafula, au azimiaye, apelekwe siku ile ile.

Apewaye vidonge vya madini ya chuma ataona choo kimegeuka cheusi, na hiyo si damu. Asivimeze pamoja na chai, maana chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini, neno gumu kidogo kwa watu wa nchi ilimayo chai.