Ukiomba chuo, jaza namba ya simu unayoishika mwenyewe

Kijana aliyemaliza kidato cha sita Kondoa, Mpwapwa au Manyoni halazimiki tena kufunga safari kwenda kuchukua fomu ya chuo. Tangu mwaka 2017, maombi ya shahada ya kwanza yanatumwa kwa intaneti moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo husika. Wengi hujaziwa na mhudumu wa steshenari, na wakati mwingine namba ya simu inayoandikwa ni ya mhudumu huyo. Tunaeleza kwa nini jambo hilo ni hatari.

Mfumo unafanya nini?

Zamani udahili walikuwa na jalada lao, uhasibu lao, na mabweni lao. Ulichoeleza ofisi moja, nyingine haikukijua. Benki na kampuni za simu zilitatua tatizo kama hilo kwa mfumo wa kutunza taarifa za wateja: kila mteja ana rekodi moja, na kila mhudumu anayempokea anaiona.

Vyuo navyo vinafuata njia hiyo. Huko, mteja ni mwombaji, kisha mwanafunzi, kisha mhitimu. Mfumo hauijui sura yako. Unakutambua kwa namba ya mtihani, na unakufikia kwa simu na barua pepe uliyojaza.

Hasara iko wapi?

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu. Namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu au barua pepe aliyotumia kuomba. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutangaza mwisho wa kuthibitisha. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mtu mwingine, au kwenye laini iliyokwisha kufungwa, siku zinapita na nafasi inaweza kupotea.

Ufanye nini?

• Jaza namba yako, au ya mzazi mnayeishi naye. Usibadilishe laini mpaka uripoti chuoni.

• Andika kwenye daftari jina la kuingilia, nywila na barua pepe. Mhudumu akikufungulia barua pepe, badilisha nywila mwenyewe.

• Usipopata namba ya siri, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uombe kutumiwa tena, au wasiliana na ofisi ya udahili mapema.

• Usimtajie mtu namba hiyo kwa simu, hata akisema anapiga kutoka chuoni.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo, kama namba iliyoko chuoni si yako, omba ibadilishwe leo. Usisubiri majina yatoke.