Tumbo Lisilopona: Daktari Aambiwe Nini?



Kuhara damu si jambo geni mashambani, na mara nyingi chanzo chake ni amiba au vijidudu vingine vya maji machafu. Lakini yako maradhi ya matumbo yasiyoletwa na uchafu. Askari wa mwili, wanaotulinda na maradhi, hugeuka wakayashambulia matumbo yenyewe, yakavimba na kufanya vidonda kwa miaka mingi. Mojawapo ni ugonjwa wa Crohn.

Dawa zake huwatuliza askari hao. Ya zamani ni predinisoloni. Tangu mwaka 1998 zimekuwako pia dawa za kibayolojia, kama infliksimabu, ambazo hutengenezwa kwa kutumia chembe hai. Zimewasaidia wengi. Taabu yake ni hii: mlinzi aliyelala hampigi mwenye shamba, wala hamzuii mwizi.

Namna mwizi huyo anavyoingia ilionekana Muheza, ambako wenzetu wa milima ya Amani nao hulima karafuu. Watoto waliolazwa Hospitali Teule ya Muheza walipimwa damu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha kwamba malaria ilipopungua, salmonela iliyopenya katika damu nayo ilipungua. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wa Crohn, lakini somo ni moja: ulinzi wa mwili ukidhoofika, kijidudu cha tumboni hupata njia. Dawa ya kushusha kinga yaweza kukifungulia njia vilevile.

Kwetu wakulima, wa kuogopwa zaidi ni mnyoo mdogo uitwao strongiloidesi. Huingia kwa nyayo, kama ule wa safura, mtu akikanyaga pekupeku udongo uliochafuliwa na kinyesi. Huzaana mwilini miaka mingi bila ya mtu kujua. Baadhi ya askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili walikutwa nao zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao. Kinga ikishushwa, hasa kwa predinisoloni, minyoo hiyo huongezeka kupita kiasi, ikatoboa utumbo na kuingiza vijidudu katika damu. Mgonjwa aweza kufa upesi. Kidonge kimoja cha albendazoli, kama wanachopewa watoto shuleni, hakitoshi kuiondoa. Dawa yake bora ni ivamektini.

Basi mwanachama, au mwanawe aliyeko Maskati au London, akitakiwa kuanza dawa hizi, afanye hivi:

1. Amwambie daktari wazi: "Nimekulia shambani, nikitembea pekupeku." Daktari wa nchi ya baridi huenda asiufikirie mnyoo huu.

2. Aombe kupimwa kwanza choo na damu kwa ajili ya mnyoo huo na amiba, ambayo dalili zake hufanana na za ugonjwa wenyewe. Apimwe pia kifua kikuu, maana nacho huamka.

3. Achemshe maji ya kunywa, apike mayai na nyama mpaka viive, na avae viatu shambani.

4. Akipata homa au akianza kuhara upya, aende hospitali siku ile ile. Asinunue dawa dukani kwa kubahatisha, wala asiache dawa yake pasipo shauri la daktari.

Hatusemi dawa hizi zikataliwe. Twasema mlango ukaguliwe kabla mlinzi hajalazwa.