UZI: Ukihukumiwa kwa kuendesha gari ukiwa mlevi, leseni inarudi vipi?

Siasa ikipamba moto huku Dundori, hili suala halikosi. Mmoja anapanda jukwaani anasema Alcoblow inatesa vijana na kuua biashara. Mwingine anajibu walevi wote watupwe ndani. Wote wawili wanapigiwa makofi. Lakini dereva akishahukumiwa, nini kinafuata? Hapo kimya. Twende polepole.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Ukiendesha gari, ukijaribu kuliendesha, ama hata ukiwa tu ndiwe mwenye gari mkononi barabarani, na pombe imekufikisha mahali huwezi kulidhibiti, faini ni hadi shilingi 100,000, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Wale wa "mimi nilikuwa nimeegesha tu", someni hapo tena.

Sasa kuna sehemu ambayo majukwaani haitajwi. Juu ya hiyo adhabu, unapigwa marufuku kuwa na leseni kwa miezi 12 kuanzia siku ya hukumu, na mahakama inaweza kuongeza. Kwa hivyo kulipa faini si kumaliza kesi. Ukishika usukani ndani ya huo mwaka, hilo ni kosa lingine jipya.

Na ukiendesha kwa njia ya hatari ukaua mtu, hapo ni kifungu cha 46: jela hadi miaka 10, na marufuku ya miaka 3. Ukifungwa, hiyo 3 inaanza kuhesabiwa ukitoka.

"Lakini si mahakama ilifuta Alcoblow 2017?" Hii naisikia kila mara. Mahakama ya Rufaa haikusema kunywa na kuendesha ni ruhusa. Kanuni za 2011 ziliweka kipimo cha mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Mahakama ikasema kifungu cha 44 hakitaji kosa la kupita namba. Kinataka ithibitishwe kwamba ulishindwa kudhibiti gari. Yaani namba ya mashine peke yake haitoshi. Kifungu chenyewe kilibaki pale pale.

Na ndiyo maana mambo mengi huamuliwa ile asubuhi ya kusomewa mashtaka. Mtu ameshikwa Jumamosi usiku, Jumatatu yuko kizimbani Nakuru, hajaoga, simu imezima, na kuna mtu amemnong'onezea, "Kubali tu, ulipe, uende nyumbani." Anakubali. Hajaambiwa kwamba ukikiri kosa, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinakufungia rufaa dhidi ya hatia. Unabaki kulalamikia adhabu tu, na una siku 14. Ule ushahidi ambao Mahakama ya Rufaa iliutaka, hakuna aliyeulizwa kuuleta.

Huku kwetu hiyo si hadithi ndogo. Viazi, kabeji na maziwa hushuka Lanet kwa gari, na wengi wanaoendesha zile pikapu si zao. Mwenye gari lake akipoteza leseni anatafuta mtu wa kumwendesha. Wa kuajiriwa anapoteza kazi wiki hiyo hiyo. Dereva wa matatu ndiye ana shida zaidi: hata mwaka ukiisha, leseni ya PSV inadai cheti cha tabia njema kutoka DCI, na hatia yake inaweza kumngojea hapo. Mahakama ilimpa miezi 12, lakini yeye anaweza kukaa nje miaka.

Halafu angalia upande wa pili, wa sisi tunaotumia barabara. Kifungu cha 44 hakidai darasa lolote, wala daktari, wala mtihani mwingine wa kuendesha. Miezi 12 ikiisha, marufuku imeisha. Aliyeacha pombe na anayekunywa kuliko zamani wanarudi kwa mlango mmoja. Mimi hilo linaniogopesha kuliko ukubwa wa faini.

Uingereza, mahakama inaweza kumpa dereva nafasi ya kufanya kozi kwa gharama yake. Akiimaliza, marufuku inapunguzwa, kwa kawaida kwa robo. Lakini aliyepatikana na kiwango cha juu sana, aliyekataa kupimwa, ama aliyerudia ndani ya miaka 10, lazima kwanza apite kwa daktari ndiyo arudishiwe leseni. Nakubali, wao wana pesa. Lakini sisi tuna NTSA, na tangu 2012 tuna sheria iliyounda NACADA. Akija mgombea kuwaambia ataondoa Alcoblow, au ataongeza faini mara kumi, muulizeni: hizi ofisi mbili zitakutana wapi, na nani atalipia kozi ya dereva wa pikapu wa Dundori ambaye hana kazi mwaka mzima?