Aliyepata Alama za Wastani Aweza Kuingia Chuoni

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, nyumba nyingi katika miji ya Thika na Ruiru hupata furaha, na nyingine nyingi huingiwa na huzuni. Mzazi aliyelipa karo kwa miaka minne huona kwamba mtoto wake hakupata alama za kuingia chuo kikuu. Kijana naye hudhani kwamba safari ya masomo imekwisha, akaanza kuwakwepa walimu wake na hata rafiki zake. Dhana hiyo si kweli, nayo imewapotezea vijana wengi miaka yao mizuri. Yafaa basi njia zilizopo zielezwe waziwazi, pamoja na hatari zake.

Mtihani huo, uitwao KCSE, ulianza mwaka 1989. Anayetaka kwenda moja kwa moja kusoma digrii hana budi kupata daraja la C+ au zaidi. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 ndio waliofika daraja hilo, kati ya 962,512 waliofanya mtihani. Maana yake ni kwamba katika kila vijana wanne, karibu watatu hawakufika. Watu wengi kiasi hicho hawawezi wote kuitwa wajinga au wavivu, wala nchi haiwezi kuendelea bila kazi ya mikono na akili zao.

HESABU YA ALAMA

Ni vizuri wazazi wajue jinsi daraja linavyopatikana. Masomo saba ndiyo huhesabiwa, na kila somo lina alama 12 kwa A, ikishuka hadi alama 1 kwa E. Jumla kubwa kabisa ni 84. Tangu mtihani wa mwaka 2023, masomo mawili tu ndiyo ya lazima katika hesabu hiyo, yaani Hisabati na lugha moja. Kisha huongezwa masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

Mwenye jumla ya alama 46 hadi 52 hupewa C+. Mwenye 39 hadi 45 hupewa C. Mwenye 32 hadi 38 hupewa C-, na mwenye 25 hadi 31 hupewa D+. Kwa hiyo kijana mwenye alama 45 na mwenzake mwenye 46 wametengana kwa alama moja tu, lakini mmoja huitwa chuo kikuu na mwingine haitwi. Sheria haina budi kuweka mpaka mahali fulani. Lakini mpaka huo ni wa kuingia digrii moja kwa moja tu. Si mpaka wa elimu yote.

NGAZI YA MASOMO

Mwaka 2014 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi moja, ili mtu aliye chini aweze kupanda hadi juu. Cheti cha ufundi wa mwanzo kiko chini. Juu yake ni cheti cha fundi stadi. Juu yake ni diploma, ambayo ni kiwango cha 6. Na digrii ni kiwango cha 7. Juu kabisa, kiwango cha 10, ndipo ilipo digrii ya udaktari wa elimu.

Kwa kawaida, katika vyuo vya ufundi, kijana mwenye C- huweza kuingia diploma. Mwenye D huweza kuingia masomo ya fundi stadi. Mwenye D- au E huweza kuanza na cheti cha ufundi wa mwanzo. Hata yule asiyemaliza sekondari hakusahauliwa, kwa maana vyuo vya mafunzo ya kazi vilivyo chini ya serikali za kaunti hupokea vijana bila kudai daraja la mtihani huu. Asili ya vyuo hivyo ni vyuo vya vijijini vilivyoanzishwa baada ya Baraza la Kikristo la Kenya kutoa taarifa mwaka 1966 kuhusu vijana waliomaliza shule na kukosa la kufanya. Swali la leo, basi, si geni. Wazee wa leo waliulizwa lilo hilo wakiwa vijana.

Mtu akimaliza hatua moja na kufaulu, cheti alichopata humpa haki ya kuomba hatua inayofuata. Hapo haulizwi tu alifanya nini kidato cha nne, bali alifanya nini chuoni.

VYUO VILIVYO KARIBU

Wakazi wa Thika na Ruiru wana bahati, kwa kuwa njia kuu itokayo Nairobi hadi Thika imezungukwa na vyuo. Thika kuna chuo cha ufundi cha serikali, Thika Technical Training Institute, ambacho asili yake ni shule ya ufundi ya zama za ukoloni. Kuna pia tawi la chuo cha utabibu cha serikali, KMTC, pamoja na vyuo vikuu vya Mount Kenya na Gretsa. Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech. Vyuo vikuu vya Mount Kenya na Zetech hufundisha diploma pia, mbali na digrii.

Anayepita mbele ya malango hayo makubwa na kujiona mdogo yafaa akumbuke habari zake. Chuo cha Juja kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwezi wa Mei 1981, hakikuwa chuo kikuu. Kilikuwa chuo cha kufundisha vyeti na diploma za kilimo na uhandisi, kilichojengwa kwa msaada wa Japani. Mwaka 1988 kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 ndipo kilipopata kuwa chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Mount Kenya nacho kilitokana na Thika Institute of Technology, kikapewa hati ya chuo kikuu mwaka 2011. Zetech kilianza mwaka 1999 kikiwa chuo cha kawaida. Vyuo vyenyewe vilipanda hatua kwa hatua, wala hakuna leo anayevicheka kwa kuanzia chini.

MIFANO MIWILI

Tuseme kijana wa Ruiru amepata alama 33, yaani C-, na moyo wake uko katika kazi ya umeme. Kama alama zake za Hisabati na Fizikia zinakubaliwa na chuo, aweza kuingia diploma ya umeme, ambayo kwa kawaida huchukua muda wa miaka miwili au mitatu. Akifaulu vyema, aweza kuomba digrii, na vyuo vikuu vingine humruhusu mwenye diploma nzuri aanzie mwaka wa pili. Atakuwa ametumia kama miaka sita badala ya minne au mitano ya mwenzake aliyekwenda moja kwa moja. Hiyo ndiyo gharama ya njia ndefu, wala haifai kufichwa. Lakini akikwama katikati kwa kukosa karo, mkononi ana diploma ya kumwombea kazi katika viwanda vya Thika, hali yule aliyeacha digrii katikati hana cheti chochote cha kuonyesha.

Mfano wa pili ni wa wasichana wawili wa Thika, ambao wote wana daraja la C na wote wataka kuwa wauguzi. Kwa diploma ya uuguzi, KMTC hutaka daraja la C, tena C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika Hisabati, Kemia au Fizikia. Wa kwanza ana C katika Biolojia. Huyo aweza kuomba. Wa pili ana D+ katika Biolojia. Huyo hawezi, ingawa jumla yao ni sawa. Kwa hiyo yampasa kila mmoja asome alama za somo moja moja, asitazame daraja la jumla peke yake. Huyo wa pili, akiwa na alama nzuri za Hisabati au za lugha, huenda akafaa sana katika uhasibu, upishi wa hoteli au kazi nyingine.

JE, YAFAA KURUDIA MTIHANI?

Wazazi wengine huona ni heri mtoto arudie mtihani. Jambo hili linaruhusiwa, naye huandikishwa kama mtahiniwa wa binafsi. Lakini hawezi kurudia somo moja tu na kuliunganisha na matokeo ya zamani ili apate daraja jipya la jumla. Ni lazima afanye masomo yasiyopungua saba. Hatumii karo tu, bali mwaka mzima wa maisha yake.

Yule aliyepata alama 44 au 45, na sababu ya kukosa yajulikana, kwa mfano ugonjwa wakati wa mtihani, aweza kufaidika kwa kurudia. Lakini yule aliyepata alama 30, wala hakuna kitu kitakachobadilika katika masomo yake, ni afadhali aanze chuo mara moja. Mwaka atakaorudia mtihani ungeweza kuwa mwaka wa kwanza wa kazi yake.

KABLA YA KULIPA KARO

Pale penye watu wenye shida hapakosi walaghai. Kwa hiyo mzazi asitoe fedha kabla ya kuuliza mambo haya:

1. Je, chuo kimeandikishwa? Vyuo vya ufundi huandikishwa na TVETA, na vyuo vikuu hupewa idhini na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jengo zuri na ubao wa rangi barabarani si idhini.

2. Ni nani atoaye mtihani wa mwisho? Diploma ya ufundi yafaa itoke kwa baraza linalotambuliwa na Serikali, kama vile KNEC au CDACC. Cheti cha chuo kisichojulikana hakitampandisha kijana hatua ya juu.

3. Je, kazi anayoitaka hutazama tena alama za kidato cha nne? Baadhi ya kazi hufanya hivyo. Tume ya Kuwaajiri Walimu, kwa mfano, hutazama daraja la mwalimu wa sekondari na alama zake katika masomo mawili atakayofundisha. Digrii yaweza kupatikana, kisha mtu akazuiwa mlangoni mwa kazi. Heri kuuliza baraza la kazi hiyo mapema.

4. Je, kuna mkopo? Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, haiwakopeshi wanafunzi wa vyuo vikuu peke yao. Hukopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Serikali, hasa waliopewa nafasi kupitia shirika liitwalo KUCCPS. Mkopo hulipwa; si zawadi.

Yule asemaye kwamba aweza kubadili C- ikawa C+ kwa fedha ni mwizi, na anayemlipa huingia naye katika kosa. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba uchunguzi wa vyeti vya wafanyakazi wa Serikali ulipata vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000. Watu hao hawakugunduliwa siku ile waliyoajiriwa. Wengine waligunduliwa baada ya kujenga nyumba na kuoa. C- ya kweli hupanda ngazi. C+ ya uwongo humngoja mtu mbele ya safari impate.

NENO KWA WAZAZI

Huko Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Wakulima wa Kiambu wajua kwamba mbuni wa zamani usiostahimili magonjwa si lazima ung'olewe. Shina lake laweza kupandikizwa aina mpya, na mizizi ile ile ikalisha matunda mengine. Mkulima huyo huyo asimtupe mwanawe kwa sababu ya mtihani mmoja.

Si haki pia kumlazimisha kijana asome jambo asiloliweza ili baba apate la kusema mbele ya majirani. Viwanda vya Thika hutafuta watu wa kutengeneza mitambo, wa kuchomelea vyuma na wa kuangalia umeme. Mashine ikisimama, hakuna anayemuuliza fundi alipata daraja gani kidato cha nne. Huulizwa kama aweza kuifanya izunguke tena.

Vyuo vya ufundi kwa kawaida hupokea wanafunzi mwezi wa Januari, Mei na Septemba. Kijana aliye nyumbani leo achukue karatasi yake ya matokeo na kitambulisho chake, aende mwenyewe chuoni pamoja na mzazi wake, aulize masomo yanayolingana na alama zake, muda wake na karo yake, na apewe majibu hayo kwa maandishi. Kuuliza hakuna karo. Haba na haba hujaza kibaba, na aliyeanza na cheti kidogo mwaka huu yuko mbele ya yule ambaye bado anailalamikia alama moja aliyoikosa.