Amorphophallus titanum
Amorphophallus titanum ni mmea wa misitu ya Sumatra, Indonesia, ambako huitwa bunga bangkai, yaani ua la mzoga. Kinachoonekana kama ua moja lenye kimo cha hadi mita 3 ni shada la mamia ya maua madogo yaliyofichika chini ya mhimili mnene.

Kwa kawaida mmea huchukua miaka 7 hadi 10 kabla ya kuchanua mara ya kwanza, halafu hunyauka baada ya siku moja au mbili. Usiku mhimili hupata joto kama mwili wa binadamu na kueneza uvundo wa nyama iliyooza, unaovuta mbawakawa na nzi wa mizoga. Maua ya kike hukomaa kabla ya yale ya kiume, hivyo chavua inapaswa kutoka mmea mwingine uliochanua karibu, wakati uleule. Misitu ikikatwa, bahati hiyo, haba tangu mwanzo, huzidi kupungua.